Bi Mariamu Mwenye Mkuki wa Ncha Tatu

Malvern, Johannesburg
12 Machi 2017

Bibi yangu, mke mkubwa,

Shikamoo. Ukiitikia kwa sauti huenda nikakusikia huku Sauzi, maana nikikumbuka ulivyokuwa ukiniita kutoka uani, umbali si hoja. Hujambo? Miguu inaumaje? Na mume wetu, yaani babu, sikio lake limefunguka au bado anaitika asichoitwa? Mimi ni mzima, cherehani inakimbia, baridi haijaanza. Barua hii inakuja kwa mkono wa Jumbe, dereva wa lori. Mpe chai, na asiondoke bila jibu. Ya simu tulishakubaliana: salio huisha tukiwa bado kwenye salamu.

Sasa keti, Bibi. Kama umeketi, jishike. Leo nimetafsiri filamu!

Yule Victorine niliyekuandikia habari zake, Mkongo wa Bukavu mwenye saluni hapa Barabara ya Jules, kila Jumapili watu wakishatoka kanisani hutundika shuka jeupe kwenye chumba cha nyuma akaonyesha filamu. Wanakuja Wakongo, Warundi, sisi wa Tanga na Dar, hata Khatibu wa Unguja anayeuza mitandio. Filamu huwa ya Kichina au ya Kihindi, na mtu hukaa pembeni na maikrofoni akiigeuza Kiswahili papo hapo. Akisema jambazi, yeye ndiye jambazi. Akilia mchumba, yeye ndiye anayelia. Kazi hiyo ilikuwa ya André, lakini André amepata ulinzi kwenye ofisi moja Marshalltown na Jumapili ndiyo zamu yake. Leo chumba kimejaa, mtafsiri hakuna. Victorine akanishika mkono: "Ma sœur, dada yangu, weye unaongeaka mingi kila siku hapa saluni. Kamata micro!"

Nikaikamata.

Filamu yenyewe nilimpa mimi, katika boksi la sidii kuukuu nililopewa na bosi wangu, Mama Kogie, Mhindi wa Lenasia mwenye duka la vitambaa ninakoshona mapazia. Kumbe si Kihindi kile cha filamu zako, ambacho maneno mawili matatu ya mapenzi tunayajua sote. Ni Kitamil! Sikuambulia kitu. Nikakukumbuka wewe ulivyokuwa ukirudi sinema, onyesho la wanawake, mtaa mzima unakungojea barazani uwasimulie, na Kihindi chenyewe hukijui. Nikasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na iwe.

Basi kuna kijiji. Kuna tajiri mwenye masharubu anayetaka kubomoa kibanda kidogo chini ya mwarobaini ajenge kinu. Mara watoto wanatokwa na vipele. Mara anatokea mwanamke, Bibi, mzuri ajabu, sari nyekundu na njano, macho makali, mkononi kashika mkuki wa ncha tatu, na watu wanapaza sauti "Mariamma! Mariamma!" Sikio langu likaniambia huyu jina lake Mariamu. Sikungoja. Nikamfanya Bi Mariamu, mjane aliyedhulumiwa kiwanja, karudi kudai haki yake. Vipele nikasema kunguni, tajiri kala pesa za dawa. Wanakijiji wakatembea juu ya makaa ya moto, nikasema tajiri kawaibia viatu!

Kelele zilizopigwa humo ndani, saluni nzima ilitikisika. Wakongo waliposikia Mariamu wakapiga ishara ya msalaba, na Pitchou, mshona viatu, akaanzisha wimbo wa kanisani. Khatibu akauliza, "Bi Mariamu gani huyu wa mkuki?" Warundi wakamwambia anyamaze wanaangalia. Mwisho yule mwanamke anasimama mbele ya kibanda anasema maneno marefu, macho yanawaka, nami nikanguruma kwenye maikrofoni: "Mimi ndiye Mariamu, na hati ya kiwanja ninayo!" Watu wakasimama kwenye viti.

Victorine ameniambia nifanye moja tena, nikiiweza vilevile kazi ni yangu moja kwa moja. Bibi, naitaka maikrofoni hii kuliko nilivyotaka kuolewa, na unajua nilivyotaka kuolewa.

Mimi mke mdogo,
mjukuu wako Shufaa


Ngamiani, Tanga
2 Aprili 2017

Kwa mke mwenzangu mtoro,

Marahaba, marahaba, na nyingine niliitoa kwa sauti uani mpaka Duni jirani akauliza nani kaja. Sisi hatujambo. Miguu inauma lakini inanifikisha. Mume wetu anakusalimu. Nilipomsomea barua yako alisikia neno "kiwanja" tu, sasa anataka kujua nani kanunua. Mvua zimeanza. Jumbe nimemlisha bokoboko, si chai tupu. Wewe unakula? Usinijibu kwa mdomo mtamu, jibu kweli.

Nimecheka, mwanangu, mpaka nikashika ukuta. Viatu kaiba tajiri! Hilo hata mimi nisingelipata. Enzi zangu nilikuwa nikitoka sinemani natembea polepole makusudi, nikipanga nani nimwue na nani nimwoze kabla sijafika barazani. Wenye kujua Kihindi walinichukia, lakini barazani kwao hakukaa mtu.

Sasa nikupe siri ya kazi. Usiangalie mdomo wa anayesema, angalia macho ya anayesikiliza. Hapo ndipo neno lilipo. Na kwa siri hiyohiyo, mke mdogo, nina wasiwasi na Bi Mariamu wako. Nimeisoma barua mara nyingi. Mwarobaini, vipele, watu wanatembea juu ya moto, na mwanamke mmoja wa mkuki anayetazamwa na kijiji kizima. Hebu kumbuka: walipomwona walifanyaje? Kama walivua vilemba wakaanguka kifudifudi, basi huyo si mdai kiwanja. Mtu haangukiwi kifudifudi kwa sababu ya kiwanja, hata Tanga hapa ambapo kwa kiwanja watu huuana.

Muulize mwenye filamu. Kuuliza si ujinga. Nisije nikasikia umemchezea mungu wa watu.

Maikrofoni iombee dua. Mimi nimeshaanza.

Mke mkubwa,
bibi yako Zabibu


Malvern
23 Aprili 2017

Bibi yangu,

Shikamoo, na salamu nyingine utanidai maana nina haraka. Nakula, naapa nakula, ugali wa huku, wanauita pap, kwa samaki wa kopo. Mwili mzima. Moyo ndio hauko mahali pake.

Walianguka kifudifudi, Bibi! Wote! Na vilemba walivua!

Barua yako ilinikuta nimeshaumbuka. Mama Kogie alizipata habari kwa wateja. Jumatatu kaingia dukani kanikumbatia, mwanamke ambaye siku zote salamu yake ni "zip ya yule mteja iko wapi." Anasema: "Shufaa, ni kweli? Mmeifanya filamu ya Amma yetu ikawa Kiswahili? Watu wa Malvern wanamjua Amma?" Macho yamemjaa machozi ya furaha. Mimi nimeshika mkasi tu.

Akakaa juu ya majora ya vitambaa akanieleza. Yule si mjane. Ni mungu wao, Amma yaani mama, mama wa kijiji, na mama yake Mama Kogie na bibi zake wote walimwabudu tangu walipoletwa kwenye mashamba ya miwa ya Natal. Hukaa kwenye kibanda chini ya mwarobaini, ndiye anayeleta mvua. Mtoto akitokwa na tetekuwanga hawasemi mtoto anaumwa, wanasema "Mama amekuja." Wanamlaza juu ya majani ya mwarobaini, hawapigi kelele, wanampa vitu vya baridi mpaka Mama aondoke mwenyewe. Na wanaotembea juu ya makaa ni wenye nadhiri. Viatu hawakuibiwa na mtu!

Bibi, si wewe uliyenilaza mimi juu ya majani ya mwarobaini nilipotokwa na tetekuwanga? Ukanikataza kujikuna, ukanifunga mikono na kanga? Nilimwambia Mama Kogie hivyo. Akanishika mashavu akasema, "Basi unajua yote." Na mimi nikakosa ujasiri wa kumwambia nimesema kunguni.

Sasa sikia balaa. Anakuja kuangalia mwenyewe Jumapili ya tarehe 14 Mei, na wanawake wenzake wa hekaluni, gari zima. Kiswahili hawajui, lakini vicheko wanavijua. Mtu akicheka Mama yao anapotokea, nitajificha wapi? Victorine anaruka kwa furaha: "Wahindi njo wanakuja kwa saluni yangu! Bien sûr, lazima utafanya!" Tena hiyo ndiyo ya pili yangu, Bibi, maana Jumapili za katikati amewajaribu wengine, na ndiyo itakayoamua maikrofoni ni ya nani.

Nitaisimulia upya kwa haki, hilo nimeshaapa. Lakini kuna mahali pamoja panapoondoa usingizi wangu. Mwisho, yale maneno marefu mbele ya kibanda. Nilimuuliza Mama Kogie Mama anasema nini pale. Akasema: "Anawaambia, mimi ndiye mungu wenu, hakuna mwingine wa kumkimbilia." Bibi, katika kazi hii mtafsiri hasemi "yeye," anasema "mimi." Nitaitamkaje mimi, mtoto wa chuo cha Kurani cha Ngamiani, mbele ya Khatibu na Waislamu wenzangu? Nikisema, nimefanya shirki kwa maikrofoni. Nikiruka, nimemdhulumu Mama Kogie Mama yake. Nikizua jingine, nimerudi kwenye kiwanja.

Jumbe nimemwambia akimbie. Nijibu, Bibi. Nakuomba unijibu kabla ya tarehe hiyo.

Mjukuu wako anayehangaika,
Shufaa


Ngamiani, Tanga
13 Mei 2017

Mwanangu Shufaa,

Marahaba. Leo utani nauweka kando kidogo. Sote wazima. Jumbe gari lilimkwama Zambia, barua yako imeingia mkononi mwangu adhuhuri ya leo, na kesho ndiyo tarehe yako. Nimepiga simu mara tatu, mwanamke wa kwenye mashine anasema huyo hapatikani. Naandika hivyohivyo, pengine maneno yana miguu yao.

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa darsa, sikungoja hata kubadili kanga. Amesema mwenye kunukuu kufuru si kafiri. Kurani yenyewe imetaja maneno ya Firauni na sisi tunayasoma kwenye sala. Akaongeza kwamba Kitabu kimetukataza kutukana wanachokiabudu wenzetu. Kwa hiyo tia neno moja tu mbele: "Anasema." Anasema mimi ndiye fulani. Hapo mdomo wako umekuwa mlango, mlango hauli kinachopitishwa.

Majani ya mwarobaini, ndiyo, nilikulaza. Na mimi nililazwa na mama yangu, na yeye na mama yake. Hatukuwahi kusema nani amekuja. Tulisema tu usijikune.

Usiogope. Uoga husikika kwenye maikrofoni kuliko sauti.

Bibi yako,
Zabibu


Malvern
16 Mei 2017

Bibi! Bibi! Bibi!

Shikamoo ya haraka, hali njema, babu nibusie upara. Jibu lako halijafika mpaka leo, na Jumapili haikungoja. Naandika na gauni la mteja likiwa mapajani, Mama Kogie mwenyewe kaniambia acha, mwandikie bibi yako.

Walikuja kumi na zaidi, Bibi, sari zinameremeta, maua kichwani, na sufuria za wali wa ndimu na dengu. Victorine alikuwa amepaka ukuta rangi. Hénock, kijana wake wa mitambo, kaazima spika kubwa kanisani kwao. Watu mpaka mlangoni. Kabla shuka halijawaka, nikasimama nikawaambia wote: "Jamani, mara ya kwanza niliwadanganya. Sikujua. Huyu si Bi Mariamu wa kiwanja. Leo naisema ilivyo." Pitchou akapiga kelele kutoka nyuma, "Na viatu je?" Nikamwambia viatu walivua wenyewe. Wakacheka, nami nikashukuru kicheko kimetoka mapema.

Nikaanza. Siri yako niliitumia, nikawaangalia wanaosikiliza kwenye shuka, siyo wanaosema. Bibi, maneno yalikuja! Nikawa mama wa mtoto mgonjwa, nikasema, "Mwanangu, usijikune, umepata mgeni." Mama mmoja Mrundi akaanza kulia. Nikawa tajiri wa masharubu, wakanizomea mpaka nikaogopa kwenda chooni. Nikawa mganga, mbuzi, hata ngoma niliitia mdomoni. Kwenye makaa ya moto hakuna aliyecheka hata mmoja. Khatibu alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mtandio wa biashara kaukunja mkononi kama kamba.

Ikafika pale.

Mama anasimama mbele ya kibanda. Kijiji kimelala kifudifudi. Ngoma zinakata. Nilikuwa nimepanga kukohoa, nakuambia kweli, nilipanga kikohozi kirefu. Nikafungua mdomo nikasema "Mimi..." na ulimi ukagoma. Nikawatazama wale wanawake wa hekaluni. Walikuwa wamefunga mikono vifuani, midomo inatikisika. Basi nikaishusha maikrofoni, nikailaza mapajani.

Mama akasema mwenyewe, kwa Kitamil chake. Chumba kizima kikamsikiliza. Si Mkongo, si Mrundi, si Mtanzania, hakuna aliyeuliza kasemaje. Pitchou asiyejua kunyamaza alinyamaza. Alipomaliza, wanakijiji wa kwenye filamu wakalia "Amma! Amma!" na watoto wa Victorine, wale wasiojua Kiswahili, wanaosema Kizulu na Kiingereza tu, wakaitikia kwa nguvu, "Mama!"

Taa zilipowaka nilijua nimekwisha. Mahali pakubwa kuliko pote na mtafsiri hakusema kitu! Mama Kogie akanijia, nikaanza kuomba radhi, nikamwambia mimi ni Mwislamu, sikuweza, na kumdharau sikutaka. Akanitazama. Akasema, "Unaomba msamaha wa nini? Kwetu, Mama akisema, nani anapandisha sauti juu yake?" Kisha akacheka, akaninong'oneza: "Hata mimi Kitamil hicho sikijui vizuri, nimezaliwa hapahapa. Najua nyimbo tu. Pale huwa nasikiliza hivyohivyo, kama nyinyi." Khatibu naye akapita akisema, "Umejua kunyamaza, dada," na ukimjua Khatibu, hiyo ni hotuba.

Na Victorine, mbele ya wote, kaniinua mkono kama bondia: "Micro ni ya Shufaa! Kila Jumapili! C'est fini, imekwisha!"

Ni yangu, Bibi! Ni yangu! Nimeilalia chini ya mto siku mbili, Victorine hajui.

Hénock aliirekodi yote, filamu na sauti yangu humo humo. Naiweka kwenye flashi, Jumbe ataileta. Nenda kwa Duni mwenye televisheni kubwa, uniangalie. Uniambie nilipokosea.

Mke mdogo, sasa mtu wa kazi,
Shufaa


Ngamiani, Tanga
9 Julai 2017

Kwa mke mwenzangu, sauti ya Malvern,

Marahaba ishirini, na Idi uliyoila mbali ikupate na baraka zake. Tumefunga salama, tumefungua salama. Mume wetu kafunga yote, ubishi tu. Mimi ni mzima, ila nimekuwa na kazi, na kazi yenyewe umeniletea wewe.

Flashi ilifika kabla ya mfungo, nikaiweka kabatini nikasema mpaka Idi mosi. Siku ya Idi, baada ya pilau, nikaibeba kwa Duni. Nilidhani tutakuwa watu watano. Mwanangu, walikuja wakajaa uani, watoto juu ya ukuta, wazee wamebeba viti vyao wenyewe. Sauti yako ilipotoka kwenye ile televisheni, "Jamani, mara ya kwanza niliwadanganya," mimi nililia palepale, na filamu haijaanza. Umekuwa na sauti nzito siku hizi. Imekomaa.

Hujakosea mahali. Yule mbuzi umemfanya vizuri kuliko mbuzi. Babu yako alikaa karibu na spika, akasikia yote, naye akamtukana tajiri wa masharubu kwa jina la mtu mwingine tunayemjua sote hapa mtaani.

Ikafika pale. Ukanyamaza. Mama wa watu akaanza kusema Kitamil chake. Nami nilijua, uliniandikia, nikasema sasa na uani kwa Duni patatulia. Wapi! Tanga si Johannesburg. Wanawake wote wakageuka kwangu. "Zabibu, kasemaje? Kasemaje, Zabibu?" Kama zamani, barazani, wakati bado nina miguu.

Nikasema, "Anasema."

Neno la mwalimu lile. Baada ya hapo sijui lilitoka wapi jingine. Nikamtazama yule mama, sikutazama mdomo, nikatazama wale waliolala chini. Nikasema: "Anasema, wanangu, mmetawanyika mbali na mimi sikuwafukuza. Fanyeni kazi zenu huko mliko. Mimi nakaa hapa kwenye kibanda changu. Mkipita, nitawajua hata mkiwa mmezeeka." Wenye watoto Muscat, wenye watoto Sauzi, wenye watoto wasiojua walipo, wote wakaficha nyuso kwenye kanga. Mwalimu wa darsa alikuwa mlangoni, naye akajifuta macho akasema ni vumbi.

Tangu siku hiyo wanaitaka kila Ijumaa baada ya laasiri. Filamu wameshaijua yote, wanaimba na wewe. Wanachongojea ni pale tu, na kila mara mimi nasema jingine. Ijumaa ya kwanza alisema mvua inakuja. Juzi alimwomba radhi mtoto wake mmoja, sijui kwa nini, ikaja tu. Miaka mingi sasa sijaulizwa kitu na mtu ila bei ya vitumbua ninavyouza, leo watu wananingojea nifungue mdomo. Nina furaha mpaka naona haya.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Hongera ya maikrofoni, ishike, usiiachie. Lakini filamu nyingine ukiitafsiri, Shufaa, usiijaze yote. Niachie pengo.

Mke mkubwa,
bibi yako Zabibu